Bujiku, Usiku Ulikuwa Wangu

Kaka yangu Bujiku,

Nyumba nzima imelala na mimi niko macho, nimekaa jikoni hapa Shanwe, Mpanda, na mlango nimeutia komeo. Wewe ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kuniuliza kwa nini silali. Barua ya kumwandikia marehemu sijui inaanzaje. Ungekuwa hai ningeanza kwa kuyatania masikio yako, lakini kumtania mtu asiyeweza kujibu si uungwana, basi masikio yako nayaacha yapumzike.

Nikupe habari yenyewe kwanza, maana najua hupendi kuzungushwa. Wamenipitisha ule mpira wenye kamera. Umeshuka kooni mpaka tumboni, wakaona kitu, wakakata kipande cha nyama, na kipande hicho kimesafirishwa kwenda kupimwa mbali. Nasubiri majibu. Mchana nauza supu na chapati, nacheka na wateja, narudisha chenji, na muda wote huo kuna kipande cha mwili wangu kiko kwenye chupa huko mbali, kinaangaliwa na watu nisiowajua.

Naogopa, Bujiku. Nimekwambia, sasa tuendelee.

Tangu uondoke mambo ya kijijini kwetu Mamba si mazuri. Mvua zilinyesha vizuri, mpunga ukatoa masuke mazito, lakini kibanda chako cha kulindia hakuna aliyetaka kukipanda. Wanasema usiku husikika mtu akikohoa mle juu. Ni upepo kwenye mabati, nimewaambia, ila hata mimi sikupanda. Viboko wametoka mto Kavuu wakala shamba la chini lote. Nilipokwenda niliziona nyayo zao, kubwa, zimejaa maji. Zilikuja moja kwa moja hadi chini ya kibanda, zikazunguka, zikasimama pale pale, halafu ndipo zikaelekea kwenye mpunga. Mayu, mama yetu, amekataa kuvuna hata kidogo kilichobaki upande ule. Koti lako Baba hajalitoa. Limetundikwa nyuma ya mlango, na ukiingia ghafla unadhani kuna mtu amesimama.

Na watu wana maneno. Wapo wanaosema ulirogwa kwa sababu ya ng'ombe wetu, wapo wanaosema ulikanyaga kitu usiku huko shambani. Baba anaamini hilo la pili. Anasema usiku ulikuwa wako, ulizaliwa nao, kwa hiyo usiku peke yake usingeweza kukudhuru mpaka mtu auharibu.

Hapo ndipo ninapotaka kugombana na kila mtu, na hakuna wa kugombana naye kwa sababu ukweli tulikuwa tunaujua wawili tu.

Baba ni mtu wa majina. Wewe ulizaliwa usiku, ukaitwa Bujiku, usiku wenyewe kwa Kisukuma chetu. Mimi nikatoka jua linachomoza, nikaitwa Limi, jua. Kwa watu wengine majina hayo ni ya kukumbuka tu saa mtoto aliyokuja. Kwa Baba yalikuwa mgawanyo wa kazi. Tulipohamia Mamba na ng'ombe wetu tukaanza mpunga, ikaonekana viboko wanataka mtu wa kukesha kila masika, na Baba hakuumiza kichwa. Akasema Bujiku apande kibandani, usiku haumchoshi mtoto wa usiku. Limi aamke alfajiri akakamue, jua haliwezi kulala wakati jua linatoka. Hesabu yake ilikuwa na mantiki nzuri sana. Ila iliwekwa kwa watoto wasio wenyewe.

Maana wewe ulikuwa mtu wa alfajiri. Jogoo hajawika umeshafungua macho, unapiga mluzi, unaniuliza maswali ya ajabu kuhusu nyota na kunguni wakati mimi hata jina langu silikumbuki. Ikifika saa mbili usiku ulikuwa unasinzia na tonge mkononi. Mimi asubuhi nilikuwa gogo. Mayu alinimwagia maji mpaka akachoka kuyachota. Nilikamua nimefumba macho, maziwa nusu ndooni, nusu miguuni. Giza likiingia ndipo kichwa changu kinafunguka, naweza kuhesabu, naweza kuimba, naweza kufanya kazi ya watu watatu. Na hapo ndipo naambiwa nikalale.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakutana zizini? Wewe unashuka kibandani macho mekundu, mimi ndiyo nimeburutwa kutoka kitandani. Unanisalimia kwa salamu ya jioni, "Mwadila, Limi," na mimi nakujibu ya asubuhi, "Mwangaluka, kaka," tunacheka. Ulikuwa unanukia tumbaku na moshi. Ulikuwa mtoto bado, na tayari ulikuwa unanuka kama mzee.

Halafu ukaja ule msimu wetu. Wazo lilikuwa lako. Wote wakilala mimi natoka kwa mlango wa nyuma, napanda kibandani, wewe unajikunja kwenye magunia chini yangu unalala usingizi wa mtu aliyelipwa. Nilipiga debe usiku kucha. Viboko niliwasikia wakivuta pumzi kwenye matete, nawaambia maneno machafu kwa Kisukuma, wanarudi. Karibu na alfajiri nakuamsha, unakwenda kukamua badala yangu huku unapiga mluzi, na mimi nalala mpaka jua lipande, Mayu anadhani nimekwisha maliza kazi. Bujiku, sijawahi kuwa mzima kama msimu ule. Wewe ulinenepa. Baba alijisifu kwa majirani kwamba kijana wake amekomaa. Hatukupoteza hata tuta moja.

Ikaisha kwa sababu ya jirani yetu mmoja aliyekuwa anarudi kutafuta ng'ombe aliyepotea. Alimwona msichana amesimama peke yake shambani usiku, anacheka. Hakunitambua, lakini alipokwenda kulisema, neno lililotoka mdomoni mwake lilikuwa lile tunalolijua wote, mchawi, na unajua nyie wanaume mkishalisema hilo neno huwa halirudi mdomoni. Kesho yake Baba hakuuliza swali. Alihamisha kitanda changu, akakiweka chumbani kwao, miguuni pa Mayu, na mlango wa nyuma akaupigilia misumari. Wewe ukarudi juu na debe lako. Nilikuwa nalala nimefumbua macho gizani, nakusikia unapiga, unanyamaza, unapiga, unanyamaza zaidi.

Tangu hapo uliishi kwa kujilazimisha. Chai ya rangi ya moto wa kuunguza, tumbaku, kiporo cha ugali katikati ya usiku ili tumbo likusaidie kukaa macho. Umri wa kuoa ukafika, ukaoa, mke akachoka kulala peke yake akarudi kwao, na bado ulikuwa unapanda kile kibanda. Masika mpunga, kiangazi zizi, kwa sababu ya fisi. Mchana jua linakupiga machoni, hulali, unageuka geuka tu kwenye mkeka. Mimi nikaolewa huku Mpanda nikaingia kwenye biashara ya supu, ambayo inataka uamke saa kumi alfajiri. Nacheka peke yangu nikifikiria. Nilikimbia zizi la Baba nikajitafutia zizi langu mwenyewe.

Ulipoanza kuumwa wote tulisema vidonda vya tumbo. Nani hana vidonda vya tumbo? Ukanywa magadi, ukanywa maziwa, ukanywa vidonge vya duka la dawa. Ugali ukaanza kukukwama. Ukawa unasema umeshiba baada ya matonge mawili, na mimi nikakutania kwamba umeanza mambo ya mabibi harusi. Baba akaleta mganga, na kwa kuwa wewe ni Bujiku, dawa ilikuwa ya usiku. Walikuwa wanakuamsha giza likiwa zito, wanakupeleka njia panda, wanakuosha, unatetemeka. Mtu mgonjwa, ambaye kitu pekee alichokihitaji ni kulala. Siku nilipokuleta hospitali kwa nguvu, wakapitisha mpira wao, ulikuwa umeshabaki ngozi. Daktari mwanamume mwenye miwani alisema ni saratani, na kwamba imekwisha tembea.

Ulikufa alfajiri, unapiga mluzi. Si mluzi hasa, ilikuwa pumzi inapita kwenye meno, lakini mimi nilisikia mluzi. Nilikuwa macho. Angalau hilo nililiweza.

Sasa mimi. Maumivu yalianza kama yako, chini ya kifua, halafu kichefuchefu cha asubuhi ambacho si cha mimba, nimeuliza. Safari hii sikusubiri magadi. Aliyenipokea ni daktari mwingine, binti mdogo, ana sauti ya chini. Akauliza mambo wanayouliza wote, pombe, sigara, chakula, nani amefariki kwenye ukoo na kwa ugonjwa gani. Nikakutaja. Halafu akauliza kitu ambacho sijaulizwa na mtu tangu nizaliwe.

"Mama, ukiachwa ulale unavyotaka mwenyewe, hakuna kazi, hakuna jogoo, ungelala saa ngapi?"

Bujiku, nililia. Mwanamke mzima, mbele ya mtoto. Nikamwambia ningelala wakati wengine wanakaribia kuamka, na ningeamka jua likiwa kichwani. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaandika. Akaniambia kila mwili una saa yake ndani, wengine imewekwa kwa asubuhi, wengine kwa usiku, na kwa sehemu kubwa tunaipata kwa wazazi kama tunavyopata pua. Si uvivu na si jambo la jina. Matumbo nayo yanaifuata saa hiyo, yanajua wakati wa kazi na wakati wa kupumzika.

Nikamuuliza imekuwaje anaulizia hayo kwa mtu anayeumwa tumbo. Akasema wapo watafiti wanaochunguza kama watu wa usiku huenda wanapata uvimbe wa njia ya chakula zaidi kidogo kuliko watu wa asubuhi. Huenda. Alilirudia hilo neno mpaka nikaona linamtesa. Akasema bado hawajui kama ni saa yenyewe, au ni yale yanayofuatana nayo, kula giza likiwa limeshaingia sana, tumbaku, kulala kidogo, kuishi miaka mingi kinyume na mwili wako. Akasema yeye anauliza tu ili anijue, na nisiende nyumbani nikajihukumu.

Nilikwenda nyumbani nikajihukumu.

Maana nisikilize. Kama kuna hata chembe ya kweli katika hayo, mtu wa usiku katika nyumba yetu ni mimi. Wewe ulikuwa unashika zamu tu. Nilimwambia daktari habari zako, kwamba ulikuwa wa alfajiri ukakesheshwa maisha yako yote, nikamuuliza ni kipi kilikuua. Akasema hawezi kujua, hakuna anayeweza, pengine tumbaku, pengine chai ya moto, pengine wadudu wa tumbo ambao wamo kwa watu wengi, pengine kukesha, pengine vyote vimeshikana mikono. Jibu lake ni la haki na halinisaidii. Nimekuwa nikijiuliza, wewe ulikufa kwa kuwekwa kwenye usiku wangu? Na mimi sasa nimefuatwa na huo usiku mwenyewe, umekuja kuchukua mtu sahihi? Najua ni upuuzi. Mchana najua ni upuuzi.

Baba alipopata habari alipanda basi kutoka Mamba akakatisha hifadhi ya wanyama mpaka hapa, na miguu yake ile. Hakuja kunipeleka hospitali. Amekuja kunichukua. Kuna mganga mpya, na kwa kuwa mimi ni Limi dawa yangu ni ya jua. Natakiwa niamshwe kabla ya mapambazuko kila siku, nisimamishwe mabega wazi nikiangalia mashariki, nioshwe jua likitoka, mpaka mwezi uandame. Ameshampa mganga mtamba mmoja wa ng'ombe wetu. Alinieleza hayo akiwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, anapuliza chai, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba. Alisema, "Nilichelewa kwa Bujiku. Kwako sichelewi."

Nilimwambia nitafikiri. Amerudi Mamba jana kuandaa, na anategemea nimfuate kabla ya majibu, kwa sababu mganga amesema majibu ya wazungu yakitangulia dawa haishiki.

Naacha hapa, mkono umechoka.

Bujiku, siku zimepita, nimerudi. Hospitali wamepiga simu. Dada wa mapokezi, mpole kupita kiasi. Akasema majibu yamekuja. Nikasema nisomee. Akasema hapana, njoo, halafu akasema, "Njoo na ndugu."

Wewe na mimi tunajua maana ya njoo na ndugu. Mtu mwenye vidonda tu haambiwi aje na ndugu. Nikakata simu nikaendelea kukata vitunguu, nikakata vingi mno, supu ya siku ile ilikuwa ya vitunguu. Nilikuwa nafikiria ndugu gani. Mume wangu yuko Karema kwenye dagaa, na akiona damu ya kuku anaondoka. Mayu haachi nyumba. Ndugu niliyekuwa naye ni wewe.

Nikampigia Baba. Nikamwambia siji Mamba kuoshwa. Nikamwambia yote, maneno yalitoka kama yamefungwa muda mrefu. Kwamba jua si langu, kwamba usiku haukuwa wako, kwamba ule msimu anaojisifia mpaka leo, mpunga aliulinda mwanawe Limi, na Bujiku alikuwa amelala kwenye magunia. Nilisema sitasimamishwa tena alfajiri na mtu yeyote kwa sababu ya jina. Nilijiandaa kwa matusi.

Nikamsikia anafunga mlango wa chumba chake. Halafu akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza alijuaje.

"Debe lilikuwa halikatiki mpaka kunakucha. Bujiku hakuwa na uwezo huo."

"Sasa ulisikiaje mpaka kunakucha, Baba, na nyie mlikuwa mmelala?"

"Nani kakwambia mimi nalala?"

Kaka, niliepua supu motoni nimsikilize. Aliendelea kuongea taratibu, kama anaongea na ng'ombe mgonjwa. Alisema hajawahi kulala usiku tangu ujana, analala kitandani anaangalia paa, kwa sababu mwanamume mwenye ng'ombe wengi anayeonekana akizunguka usiku watu watamsema. Alisema msimu ule alikuwa anatusikiliza, na alikuwa anafurahi. Na yule jirani alipokuja na neno lake, aliona moto. Alisema, "Afadhali kijana anayesinzia kuliko binti anayechomwa. Ilinibidi nichague, nikachagua. Sikujua kusinzia nako kunaua." Nikamsikia anapenga kamasi. Sijawahi kumsikia Baba akilia, hata kaburini kwako alikuwa amekauka.

Sikuwa na hasira tena ya kumpa. Nilikuwa nimeitunza miaka yote, ikaisha pale pale. Nikamwambia basi aje, awe ndugu yangu, waliniambia nije na ndugu. Akasema atakuja. Akasema mtamba atamwachia mganga, hamdai. Halafu, nilipokuwa naaga, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ule mpira wanaweza kumpitisha na mzee. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ugali unamkwama, tangu mavuno.

Nimekwenda kutafuta ndugu wa kunisindikiza, nimepata mgonjwa mwenzangu.

Anafika kesho. Nimewaomba hospitali watupe saa za mchana. Dada wa mapokezi alishangaa, wengine wanagombania asubuhi wamalize mapema. Nikamwambia asubuhi mimi si mtu, na baba yangu naye si mtu, tumegundua juzi. Akacheka, akaandika saa nane.

Nalala sasa, au najaribu. Pumzika, kaka, ulale saa zako na uamke saa zako, usimlindie mtu chochote. Kibanda nitakibomoa mwenyewe nikipata nguvu, na nisipopata nitamwambia mtu akibomoe, hakuna mtoto wa kwetu atakayepandishwa pale tena kwa sababu ya saa aliyozaliwa. Nakuahidi na hili: nikitoka kusomewa majibu yangu, hata yawe nini, sitaondoka kwenye lile jengo mpaka nimemlaza Baba kwenye kile kitanda, nimemshika mkono, na mpira umepita.

Mdogo wako,
Limi